Kete Haitoki Baoni

Kanyenye ni mtaa wa Tabora, mji ambao Burton na Speke waliufikia Novemba 1857, nao tayari ni makutano ya misafara ya bara na pwani. Ajuaye bao aweza kuyasoma mengi ya zama hizo katika msamiati wa mchezo wenyewe.

Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mchezaji hupanga kete 10, sita kati ya hizo zikiwa katika nyumba. 22 zilizobaki mkononi huzinamua moja moja. Zikimwishia, huingia mtaji, acheze zilizomo baoni. Apatapo nafasi ya kula, hana hiari: lazima ale. Aliyeishiwa kete safu ya mbele ameshindwa.

Nyumba, mtaji, kula: maneno hayo yaliijua pia njia ya pembe na watumwa. Lakini bao lina sharia ambayo njia ile haikuwa nayo. Kete iliyoliwa haitupwi nje; husambazwa upande wa aliyekula, na yamkini ikarudi. Za mwanzo 64, za mwisho 64. Mtumwa aliyepitishwa Tabora kwenda pwani, nadra alirudi. Na nyumba aliyotoka ilibaki na shimo tupu.