Mikoko Haikarabatiwi

"Ukarabati wa mikoko." Maneno haya yanazidi kuzoeleka katika ripoti na mikutano ya uhifadhi Kusini mwa Pwani ya Kenya, na anayeyaandika huamini kwamba amelifasiri vyema neno la Kiingereza "restoration". Hakulifasiri. Amechukua neno la fundi wa nyumba akauvika mti. Barabara hukarabatiwa, paa la shule hukarabatiwa, na katika hayo kitu chenyewe hakina la kufanya ila kungoja mikono ya fundi. Mkoko haungoji. Tunda lake huota lingali mtini, likawa refu lenye ncha, na likichomekwa topeni pale maji yanapojaa na kupwa, hushika mizizi lenyewe. Walioliidhinisha neno hili mezani, mbali na maji ya chumvi, wangewauliza kwanza wakazi wa Gazi, kijiji cha mikoko huko Kwale, kabla ya kuliandika.

Wapo wanaopendekeza "urejeshaji", nao wana hoja nzito kidogo, kwa kuwa hata Kilatini, kilikotoka neno la Kiingereza, kilikuwa na maana ya kusimamisha tena kilichoanguka. Kwa neno hilohilo Waingereza huita kurudi kwa Mfalme Charles II katika kiti chake mwaka wa 1660. Lakini kurejesha kwetu kunataka mwenyewe na mahali: mkopo hurejeshwa, kitabu hurejeshwa, shamba lililonyakuliwa hurejeshwa kwa wenyewe. Kwale, ambako madai ya ardhi bado yanawachoma watu, neno hili lina kazi yake nzito na halifai kupunguzwa uzito. Isitoshe, msitu haurejeshwi. Miti iliyokatwa Gazi katika miaka ya 1970 kuchomea chokaa na matofali imekwisha kuwa majivu; inayosimama leo ni mingine. Wa tatu hushikilia "ufufuaji", kana kwamba kila kilichoharibika kimekufa. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa, watu walizungumzia kukifufua, na walisema sawa, kwa sababu kilikuwa kimezimika kabisa. Tope la Gazi halikuzimika.

Neno ninalolitetea ni uhuishaji. Mzizi wake ni ule wa hai na uhai, kutoka Kiarabu, na Kiswahili cha zamani kina kitenzi chake kizima: kuhui ni kupata uhai, kuhuisha ni kukipa kitu uhai. Kiambishi cha kusababisha ndicho chenye siri ya neno hili. Anayehuisha hafanyi tendo lenyewe. Husababisha kingine kihui. Imamu Ghazali alipokiita kitabu chake kikuu kwa jina la kuhuisha elimu za dini, hakudai kwamba elimu hizo amezitunga yeye. Na katika fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, kuna mlango mzima wa kuhuisha ardhi iliyokufa: mtu akiifikia ardhi isiyo na mwenyewe, akaipelekea maji na kuilima, huwa na haki juu yake. Yaani dhana tunayohangaika kuitafutia jina katika warsha ilikwisha kupata jina karne nyingi kabla ya Umoja wa Mataifa kuutenga muongo wa 2021 hadi 2030 kwa ajili ya mifumo ya ikolojia, na jina hilo limo vinywani mwa waliosoma chuoni Msambweni na Vanga. Kulipita kando ni kuwapita kando wenye lugha.

Ushahidi hauko vitabuni tu. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi katika hori la Mwache, ukaifukia mizizi ya kupumulia, mikoko ikafa imesimama. Pahali kama hapo kupanda miche peke yake ni kupoteza nguvu. Sharti maji yapate njia kwanza, na yakiipata, mengi ya yanayofuata hufanywa na bahari. Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013 katika vijiji vya Gazi na Makongeni ukiwa na hekta 117, huuza hewa ya ukaa ambayo miti huifyonza na kuifungia topeni, na mapato yake hununua maji na vitabu vya shule. Hakuna ukarabati unaozaa hivyo. Ulinganisho mkali zaidi uko Diani. Msikiti wa Kongo umejengwa kwa mawe ya matumbawe, na ukuta wake ukipasuka hukarabatiwa, ndilo neno lake. Tumbawe lililo hai baharini Wasini, ambalo kipande chake hufungwa chini ya maji ili kikue, huhuishwa. Kiumbe ni kimoja. Kinachotenganisha vitenzi ni uhai.

Watapinga kwamba uhuishaji tayari ni jina la katuni zinazotembea, na kwamba walimu wa fasihi hulitumia kwa tashihisi. Ni kweli, na haidhuru: "restoration" yenyewe hubeba mfalme, mchoro na msitu, na hakuna Mwingereza anayepotea. Watanzania nao huhuisha leseni na mikataba bila kuchanganyikiwa. Pingamizi kwamba kuhuisha ni kazi ya Mungu pekee hujibiwa na fiqhi yenyewe, iliyompa mkulima kitenzi hicho. Matumizi ni mepesi: eneo lililohuishwa, gharama za uhuishaji, mikoko inahui.

Tofauti hii ina uzito nje ya kamusi. Uchimbaji wa mchanga wa madini wa kampuni ya Base Titanium huko Kwale, ulioanza kuzalisha madini 2013, ulikoma mwishoni mwa 2024, na mashimo ya Maumba na Nguluku yanahitaji jina la kinachofuata. Kusawazisha ardhi na kuifunika kwa udongo wa juu ni ukarabati, na hupimwa kwa siku chache. Muhogo kustawi humo bila kubembelezwa kwa mbolea, na nyungunyungu kurudi, huo ni uhuishaji, nao hupimwa kwa misimu. Hati ya Kiswahili ikiandika neno moja kwa yote mawili, mwanakijiji atakayekuja kudai la pili ataambiwa kwamba amekwisha kupewa.