Pony Club

Pony Club ni chama cha vijana wapanda farasi kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1929. Hufundisha watoto na vijana hadi umri wa miaka 25 kupanda na kutunza farasi, hasa poni, yaani farasi wa kimo kidogo, wasiozidi takriban sentimita 148 mabegani. Makao makuu yako Warwickshire. Kazi yenyewe, hata hivyo, hufanyika katika matawi zaidi ya 300, mengi yakiwa vijijini, yanayoendeshwa na wazazi, wakulima na wanachama wa zamani wanaojitolea bila malipo.

Chimbuko

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, magari yalizidi kuchukua nafasi ya farasi barabarani na jeshini, kisha matrekta yakafuata mashambani. Mtoto wa kijijini aliyezoea kujifunza kwa kuwatazama wakubwa alibaki na watu wachache wa kumfundisha. Mwaka 1925 iliundwa taasisi ya Institute of the Horse ili kuinua kiwango cha upandaji na utunzaji, na Novemba 1929 ikaanzisha Pony Club kuwa kitengo chake cha vijana.

Matawi ya mwanzo yalifuata mipaka ya vyama vya uwindaji wa mbweha, na mengi yangali yanatumia majina ya vyama hivyo, kwa mfano Beaufort. Mpango huo ulikuwa na manufaa ya haraka: wawindaji walikuwa na wapanda farasi hodari wa kufundisha, tena walifahamiana na wakulima wenye malisho. Lakini pia uliifunga klabu kwa familia zenye uwezo, na suala la gharama limeiandama tangu hapo.

Mwaka 1947 Institute of the Horse iliungana na National Horse Association of Great Britain kuunda British Horse Society, na Pony Club ikawa chini ya chombo hicho kipya.

Maisha ya tawi

Siku ya mafunzo, tawi hukusanyika katika malisho ambayo mara nyingi huazimwa kwa mkulima wa jirani. Watoto hugawanywa kwa uwezo: wadogo hushikiwa kamba wakijifunza kukaa sawasawa juu ya tandiko, wakubwa huenda matiti na shoti na kuruka viunzi. Wakati wa likizo ya kiangazi hufanyika kambi. Huko mwanachama huamka mapema kulisha, kunywesha, kuchokonoa kwato na kusafisha banda kabla ya kupanda.

Utaratibu huo ndio roho ya mafunzo yote. Mitihani huanzia madaraja ya chini kwa wanaoanza na kupanda hadi A, na katika kila ngazi mtahiniwa hupimwa pia jinsi anavyomhudumia mnyama: kumlisha, kutambua dalili za maradhi, kumfunga hatamu na lijamu bila kumuumiza. Mwaka 1950 kilitolewa kitabu cha mwongozo, The Manual of Horsemanship, kilichotumika kwa miongo mingi hata nje ya klabu.

Mashindano

Hatua kubwa ilikuja mwaka 1957. Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth II, alitaka yawepo mashindano ambayo mtoto angeweza kushiriki kwa poni wa kawaida, bila familia yake kununua mnyama wa bei ghali. Kanali Mike Ansell, mratibu wa Horse of the Year Show aliyepoteza uwezo wa kuona vitani, aliyaweka katika ratiba ya onyesho hilo huko Harringay, London. Katika mbio hizi za timu, poni hupita kwa kasi kati ya nguzo, na mtoto huruka chini, huokota kitu na kupanda tena. Wepesi na maelewano na mnyama vikawa na thamani kuliko nasaba yake.

Mwaka 1969 uliongezwa mchezo wa fani nne: kupanda farasi, kukimbia, kuogelea na kulenga shabaha. Baadhi ya wanachama walifika mbali. Mark Phillips, aliyekulia katika tawi la Beaufort, alikuwa katika timu ya Uingereza iliyopata dhahabu kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972.

Kuenea na mabadiliko

Klabu za mfano huu zilienea Australia, New Zealand, Kenya na kwingineko. Ya Marekani iliundwa mwaka 1954. Nchini Uingereza, Pony Club ilijitegemea kama shirika la hisani mwaka 1997. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo ya mifugo ulifunga njia na mashamba mengi, na shughuli za farasi vijijini zikasimama. Sheria ya mwaka 2004 ilipiga marufuku uwindaji wa mbweha kwa mbwa huko England na Wales, lakini matawi hayakufa, kwa kuwa yalikuwa yamejenga maisha yake yenyewe.

Leo shule za upandaji zilizojiunga na klabu hupokea watoto wasio na poni. Huu ndio upanuzi wenye haki zaidi katika historia yake, ingawa ada za masomo bado ni mzigo kwa familia nyingi. Wanachama walio wengi hawafiki Olimpiki; hata hivyo huondoka wakijua kwamba mnyama hula kabla ya mpandaji kustarehe, na baadhi yao hurudi utu uzimani kuwafundisha watoto wa majirani. Kwa njia hiyo ujuzi uliokaribia kupotea katika miaka ya 1920 umehifadhiwa kwa karibu karne nzima.