Rejeleo Lisilofunguka: Kutafuta na Kurejelea Maandiko katika Vyuo vya Nyanda za Juu Kusini

Mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Tanzania hukutana na suala la marejeo mara mbili. Kwanza ni mwaka wa kwanza, ndani ya somo la Stadi za Mawasiliano, anapoelekezwa nukta ikae wapi, mkato ukae wapi na jina lipi litangulie. Mara ya pili ni mwaka wa mwisho, ripoti yake ya utafiti inapopitishwa kwenye programu ya kupima ufanano na kurudi na asilimia iliyokolezwa rangi. Kati ya hapo ni kimya. Kanzidata za maktaba nazo hufundishwa pembeni na mkutubi, kwa saa chache za wiki ya kupokea wageni, wakati mgeni mwenyewe bado anahangaikia chumba cha kupanga. Ninachodai hapa ni kwamba kutafuta maandiko na kuyarejelea ni kazi moja. Tumeikata vipande viwili, kimoja tukampa mkutubi na kingine mhadhiri wa lugha, na matokeo yake hakuna kipande kinachoeleweka.

Mbeya na Iringa zinafaa kwa kuichunguza hoja hii kwa sababu vyuo vimeota hapo kwa kasi. Chuo cha Ufundi Mbeya, kilichoanzishwa mwaka 1986 kwa ushirikiano na Umoja wa Kisovieti, kilipandishwa kuwa taasisi mwaka 2005 na kuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya mwaka 2012. Jijini humo pia kipo Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji cha Kanisa la Moravian, pamoja na ndaki ya Chuo Kikuu cha Mzumbe. Iringa ina Chuo Kikuu cha Iringa, Ruaha cha Wakatoliki, na Mkwawa kinachoandaa walimu. Mabweni hayatoshi, hivyo wanafunzi wengi hupanga mitaani. Aliyepanga geto Ilomba jijini Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, anasoma usiku kwa simu na bando lake mwenyewe.

Jambo hilo la makazi lina uzito kuliko linavyoonekana. Maandiko yapo: HINARI ya Shirika la Afya Duniani ilifunguliwa mwaka 2002, AGORA ya kilimo ikafuata mwaka 2003, na leo zote mbili zimo katika mpango wa Research4Life unaozipa taasisi za nchi maskini majarida bure au kwa ada ndogo. African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998, ina majarida mengi ya Afrika ambayo mtu yeyote anaweza kuyafungua. Hata hivyo kanzidata nyingi za kulipia huitambua kompyuta kwa kuwa iko ndani ya mtandao wa chuo. Ukivuka geti, mlango unafungwa, isipokuwa chuo kimeweka njia ya kuingilia kutoka mbali na mwanafunzi amepewa nywila. Somo linalofanyika ndani ya maabara ya kompyuta, bila kumwonyesha mtu jinsi ya kuingia akiwa Ilomba, linaishia getini.

Tuseme mlango umefunguka. Mwanafunzi wa biashara anataka kuandika kuhusu athari za mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, kwa wanawake wafanyabiashara wa soko la Mwanjelwa. Mada ni nzuri. Ameiona nyumbani, pengine mama yake amewahi kukimbia wakusanya marejesho. Atakachofanya, kwa jinsi tulivyomfundisha, ni kuiandika mada nzima kwenye Google. Ataletewa ripoti za wanafunzi wenzake wa vyuo vingine, zenye vichwa vinavyofanana na chake. Atachukua Sura ya Pili, ile ya mapitio ya maandiko, ya mmoja wao, abadilishe mpangilio wa maneno, na orodha ya marejeo aihamishe ilivyo. Kwa lugha ya vyuoni amepiga desa, na kwa lugha ya kanuni ametenda kosa. Mimi naona kosa lilianza mapema zaidi, pale alipodhani kwamba swali lake ni kichwa cha habari, na kwamba kazi ya maktaba ni kumtafutia kichwa cha habari kama hicho.

Kanzidata haifanyi kazi hivyo. Inataka swali livunjwevunjwe: kuna mikopo midogo, kuna wanawake, kuna biashara za sokoni, kuna madeni yasiyolipika. Kila kipande kina visawe vyake, na visawe hivyo huunganishwa kwa viungo vya "au", kisha vipande vyenyewe kwa "na". Hapo ndipo mwanafunzi wetu anapokumbana na ugumu ambao miongozo iliyoandikwa ughaibuni haiujui. Swali lake limezaliwa kwa Kiswahili, lakini karibu makala yote ya kanzidata hizo yameorodheshwa kwa Kiingereza, na wanaoyaandika hawasemi kausha damu. Na hata kama angetafuta kwa Kiswahili, ile alama ya nyota inayowekwa mwishoni mwa neno ili kunasa maumbo yake yote ilibuniwa kwa lugha ambazo maneno yake hubadilika mkiani. Mkopo, mikopo, mkopaji, wakopeshaji, kukopeshana: hayo hubadilika kichwani pia, na nyota ya mwishoni haiyakusanyi yote. Inabidi ayaandike moja moja. Ni dakika tano za kufundisha, ila sharti mwalimu awe ameutambua ugumu huo kwanza.

Akitafuta kwa vipande, huenda makala ya kwanza atakayoyapata yakawa ya Bangladesh, nchi ya Benki ya Grameen aliyoianzisha Muhammad Yunus, iliyotambuliwa kisheria mwaka 1983. Wengi hukata tamaa hapo: "Hakuna kitu kuhusu Mbeya." Kumbe ndipo kazi inapoanza. Mwandishi wa makala hayo ametaja waliomtangulia, na kanzidata inaonyesha waliomtaja yeye baadaye. Ukirudi nyuma unafika kwenye chimbuko la hoja. Ukienda mbele unawafikia watafiti wa Kenya, wa Uganda, wa Dar es Salaam. Utaratibu huu ulipewa chombo mwaka 1964, Eugene Garfield alipotoa faharasa yake ya marejeo ya sayansi, na vyombo vya leo kama Google Scholar vinatumia wazo lilelile. Maana yake ni kwamba rejeleo ndiyo njia yenyewe ya utafutaji. Anayeelewa hivyo hahitaji kuambiwa kwa nini mwaka na ukurasa viwe sahihi: amekwishatembea kwenye njia za wengine na kukwama pale mwaka ulipokosewa. Wasomi wa hadithi za Mtume walijua hilo karne nyingi kabla ya kompyuta; isnadi, yaani mnyororo wa wapokezi wa habari, iliyopungukiwa na mtu mmoja iliidhoofisha habari yote.

Orodha zetu zimejaa minyororo iliyopungukiwa hivyo. Mwanafunzi anamtaja Yunus ambaye hajamsoma. Amemkuta ndani ya tasnifu ya mtu ambaye naye hakumsoma. Kuna namna halali ya kueleza hali hiyo, ile ya "kama alivyonukuliwa na", lakini wasimamizi wengi huiona kama aibu na kuwaambia wanafunzi waiondoe. Wakiiondoa wanakuwa wamefundishwa kusema uongo. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022 umekuja uongo wa aina nyingine: makala yenye mwandishi, mwaka na jarida, ambayo hayajawahi kuandikwa na mtu. Si wanafunzi peke yao walioponzwa. Mwezi Juni 2023 jaji wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani kesi zilizobuniwa na programu hiyo. Kipimo cha ufanano hakiwezi kukamata kitu kama hicho, kwa sababu kisichokuwapo hakifanani na chochote. Asilimia ikitoka ndogo, msimamizi anatia saini.

Kurejelea pia ni kukiri deni, na kuna upande wa deni hilo ambao kanuni zenyewe zinauficha. Anayeandika kuhusu matambiko ya Wanyakyusa atampata Monica Wilson bila shida, pamoja na vitabu vyake vya mwaka 1951, 1957 na 1959 vilivyotokana na utafiti alioufanya Rungwe pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930. Leonard Mwaisumo, karani wa Kinyakyusa aliyefanya kazi na wanandoa hao na kufariki mwaka 1938, hatampata kwa kulitafuta jina la mwandishi. Ilibidi kingojewe kitabu kilichohaririwa na Andrew Bank na Leslie Bank mwaka 2013 ndipo karani huyo apewe sura yake. Leo hali haijabadilika sana. Kwa mtindo wa marejeo wa APA, mzee wa Tukuyu aliyemweleza mwanafunzi historia ya ukoo huhesabiwa kuwa mawasiliano binafsi: anatajwa ndani ya matini, kisha haingii kwenye orodha ya mwisho kwa kuwa msomaji hawezi kumfungua. Toleo la saba, la mwaka 2019, limelegeza kidogo kwa kuweka mwongozo kuhusu maarifa ya jamii za asili, lakini miongozo ya vyuo inaweza kabisa kwenda mbali zaidi na kuruhusu orodha ya pili ya wasimulizi, kwa ridhaa yao. Hakuna sheria inayozuia.

Nini kifanyike? Saa za mkutubi zihamishwe kutoka wiki ya wageni hadi wakati wa kuandika pendekezo la utafiti, mwanafunzi akiwa na swali lake mkononi. Akae mkutubi, akae msimamizi, meza moja. Mwanafunzi atunze daftari la utafutaji: alitafuta wapi, kwa maneno gani, alipata nini, alisoma kipi na akaacha kipi kwa sababu gani. Daftari hilo lipewe alama, hata kama itabidi kuzipunguza alama za Sura ya Pili. Na siku ya utetezi, jopo lichague marejeo matatu yoyote kwenye orodha, limwambie ayafungue hapo hapo na kueleza kila moja limesaidia nini.

Nitaambiwa kwamba msimamizi mwenye wanafunzi 30 hana muda huo. Muda anao; ameutoa kwa kusahihisha nukta na mkato, kazi ambayo programu ya bure kama Zotero inaifanya vizuri kuliko yeye. Kuna pingamizi lingine lenye nguvu zaidi: wasimamizi kadhaa wenyewe walihitimu bila kuwahi kufungua kanzidata, na hawatakubali kukaa meza moja na mkutubi mbele ya mwanafunzi. Hao ndio waanze, mlango ukiwa umefungwa, kabla wanafunzi hawajafika.