Ngoma ya Nani Ndani ya Kompyuta?

Mtu anayetaka kurekodi muziki nyumbani kwake hukutana mapema na swali linaloonekana dogo: achague programu gani ya ngoma? Wenye ujuzi humjibu kwa hesabu. Hii ina sauti elfu moja, ile ina mia tano. Mimi naona swali hili ni la historia kabla ya kuwa la kompyuta, na sisi wa Morogoro tuna sababu ya kulitafakari, kwa kuwa si mara ya kwanza kuletewa mdundo uliotengenezwa mbali.

Mwaka 1933 kampuni ya HMV ilianza kutoa mfululizo wa santuri za Kuba uliojulikana kwa herufi GV. Santuri hizo zilienea Afrika, na muziki wa aina hiyo ukamteka kijana wa Morogoro, Salum Abdallah, aliyeongoza bendi ya Cuban Marimba hadi alipofariki mwaka 1965. Katika mji huohuo ilikuwapo Morogoro Jazz, ambamo Mbaraka Mwinshehe alipata jina kabla ya kuanzisha Super Volcano mwaka 1973. Wazee hawa hawakuukataa mdundo wa ugenini. Waliupokea, wakauimbia Kiswahili, na tumba zikapigwa na mikono iliyolelewa kwenye ngoma za nyumbani. Kurekodi kulikuwa safari ya kwenda Radio Tanzania Dar es Salaam, au hadi Nairobi, kwani nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Lakini popote mpigaji alipokwenda, alikwenda na mkono wake.

Mwaka 1980 mkono ukaanza kuachwa nje ya mlango. Mmarekani Roger Linn aliuza mashine iitwayo LM-1, iliyohifadhi sauti za dramu halisi kwa tarakimu. Bei yake ilikuwa karibu dola 5,000, na kwa kuwa kumbukumbu ya mashine ilikuwa ghali mno, sauti ndefu ya matoazi makubwa iliachwa kabisa. Mashine hiyo iliweza pia kulisogeza pigo lililochelewa au kuwahi, likakaa mahali panapohesabika. Mwaka huohuo Roland ya Japani ikatoa TR-808, yenye vitufe 16 vya kupangia mapigo. Kisha, mwaka 1997, Didier Dambrin wa Ubelgiji akatengeneza programu ya FruityLoops, ambayo tangu 2003 inaitwa FL Studio. Ukiifungua utaona ndugu wa vile vitufe: safu ya visanduku 16, yaani mapigo manne, na kila pigo vipande vinne.

Safu hiyo si adui. Vijana wa Dar es Salaam wameitumia programu hiyo kutengeneza singeli, muziki unaokimbia kupita mapigo 200 kwa dakika, na mwaka 2017 kazi za studio ya Sisso zilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala zikasikika ng'ambo. Lakini safu hiyo ni kauli ya mtu fulani kuhusu namna wakati unavyokatwa, na asiyejua kwamba ni kauli ataidhani ni sheria.

Hapa Dakawa, kati ya mashamba ya mpunga na barabara ya Dodoma, jambo hili limeingia nyumbani kwetu. Mpwa wangu ana kompyuta ya mtumba, na anataka kuhifadhi nyimbo za bibi yake, Mluguru wa milimani, pamoja na mapigo ya mjomba ambaye katika ukoo wetu ndiye pekee aliyebaki anayeyajua. Alipozipanga nyimbo hizo juu ya visanduku 16, bibi alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mjukuu wangu, wimbo ni wetu, lakini anayepiga ni mgeni." Bibi hajui programu, ila masikio yake yalikuwa sahihi. Ngoma ile huenda kwa vipande 12: miguu huhesabu nne, ngoma ndogo huhesabu tatu tatu, na utamu umo katika kugombana kwao. Ukiisukuma katika 16, ugomvi unakwisha, na utamu nao.

Kwa hiyo kipimo changu cha kuchagua si wingi wa sauti. Nauliza mambo matatu. Je, naweza kubadili urefu wa safu na kuigawa kwa tatu? Je, pigo linaweza kukaa kando kidogo ya mstari bila kusogezwa? Je, naweza kuingiza ngoma yangu mwenyewe: katikati ya ngozi na ukingoni, kwa pigo zito na jepesi? Programu ya bure ya Hydrogen inayaweza hayo, na haidai intaneti kila uchao. FL Studio nayo inayaweza. Ukiinunua mara moja unapata matoleo mapya bila malipo, ila toleo la majaribio halikuruhusu kuifungua tena kazi uliyoihifadhi. Kwa mwenye mfuko mwepesi, tofauti hiyo si ndogo.

Nyongeza moja. Ngoma ya ngozi huoteshwa moto ili iwambike, na sauti yake hulegea usiku unavyosonga. Basi irekodiwe ikiwa imekwisha kuota moto, na irekodiwe tena imepoa, maana zote mbili ni sauti zake. Tena tuombe ruhusa. Yapo mapigo ya mwali ambayo wazee hawataki yasikike nje ya mahali pake, na uwezo wa kurekodi si idhini ya kurekodi.

Salum Abdallah na wenzake walipokea mdundo wa mbali bila kupoteza wao, kwa sababu wapigaji walikuwa wengi na hai. Sisi tunachagua wakati wapigaji wanahesabika kwa vidole. Programu tutakayoichagua leo inaweza kuwa ndiyo mpigaji ambaye wajukuu watamsikia. Afadhali basi iwe na visanduku vichache na mlango mpana, ili mjomba aingie na mkono wake angali nao.