Mita Iliyorudi Nyuma: Sola ya Nyumbani Ilivyokutana na Gridi

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu Kenya nzima. Jumamosi jua likachomoza na sehemu nyingi bado hazina umeme, zikiwemo nyumba ambazo mapaa yao yamejaa paneli za sola. Inakuwaje mtu ana jua utosini, ana paneli, na hana stima? Jibu liko kwenye historia.

Seli ya kwanza ya silikoni yenye manufaa ilionyeshwa na maabara ya Bell huko Marekani mwezi wa Aprili 1954. Watundu wake walikuwa watatu: Chapin, Fuller na Pearson. Iligeuza kama asilimia 6 tu ya mwanga kuwa umeme, na bei yake ilikuwa ya kutisha, ndiyo maana miaka minne baadaye tunaikuta angani kwenye setilaiti ya Vanguard 1 na si juu ya nyumba ya mtu.

Kisa kinachonifurahisha zaidi ni cha mwishoni mwa miaka ya 1970. Msanifu majengo Steven Strong aliunganisha paneli za majengo aliyoyabuni huko Massachusetts na waya za kampuni ya umeme. Mita za zamani zilikuwa na kisahani kinachozunguka kwa nguvu za sumaku. Umeme ukiingia, kinazunguka huku. Ukitoka, kinazunguka kule! Hakuna aliyekiandikia programu. Mchana nyumba inasukuma umeme nje, usiku inauvuta, mwisho wa mwezi unalipia tofauti. Mwaka wa 1983 jimbo la Minnesota likaugeuza mchezo huo wa kisahani kuwa sheria. Gridi ikawa betri ya bure, basi nani angenunua betri halisi?

Sasa tazama inveta, kile kisanduku kinachogeuza umeme mnyoofu wa paneli kuwa wa kupandashuka kama wa ukutani. Ili iungane na gridi lazima iende nayo sako kwa bako, hapa kwetu mara 50 kwa sekunde. Gridi ikifa, inveta ya kawaida hujizima yenyewe. Si uzembe, ni usalama: fundi aliye juu ya mlingoti anaamini waya umekufa, kumbe nyumba yako inaupa uhai. Kanuni ya kiufundi ya IEEE 1547 ya mwaka 2003 iliipa inveta sekunde 2 kuacha. Kwa hiyo nyumba zile za Agosti zilikuwa zikitii kanuni.

Wajerumani nao walivutwa na pesa. Sheria yao ya mwaka 2000 iliahidi mwenye paa takriban pfennig 99 kwa kila uniti ya sola, kwa miaka 20. Paneli zikanunuliwa kwa wingi, viwanda vikapanuka, bei ikaporomoka duniani. Malipo yale nayo yakapunguzwa hadi, mnamo 2012, yakawa chini ya bei ya kununua stima. Hapo ndipo kuhifadhi kukaanza kuwa na maana kuliko kuuza.

Sisi Wakenya tulianzia upande wa pili kabisa: betri tulikuwa nazo, gridi hatukuwa nayo. Mwaka wa 1984 shule ya upili ya Karamugi, Meru, iliwekewa sola badala ya jenereta, kazi iliyowahusisha Harold Burris na Mark Hankins. Miaka ya 1990 sola ikaenea mashambani bila sheria wala ruzuku kubwa, ikiendeshwa sana na hamu ya televisheni: paneli ndogo, betri ya gari ya volti 12, na jirani wote sebuleni kwako. Betri za risasi zilikufa mapema kwa sababu hazipendi kumalizwa chini ya nusu.

Njia hizo mbili zilikutana betri za lithiamu ziliposhuka bei. Inveta ya mseto hutii kanuni ile ile, ila gridi ikifa hufungua swichi, hujitenga na barabara, kisha huendelea kulisha nyumba kutoka kwa betri. Betri ya kilowati-saa 5 huwezesha taa, ruta na friji ndogo usiku kucha; ukiwasha hita ya kuogea, hesabu inaharibika upesi.

Je, mita yako itarudi nyuma? Hapana. Mita ya tokeni haina kisahani, ina programu, na nyingine hukata stima au huhesabu umeme unaotoka kana kwamba umeununua! Sheria ya Kawi ya 2019 inaruhusu mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kufanya mapatano ya kubadilishana umeme na msambazaji, na kanuni zake zilitoka 2024. Bila mapatano hayo na mita ya njia mbili, mwambie fundi aiseti inveta isisukume hata wati moja nje.