Maandishi ya wasafiri kuhusu Umoja wa Kisovyeti

Maandishi ya wasafiri kuhusu Umoja wa Kisovyeti ni vitabu, makala na shajara za wageni, hasa kutoka Ulaya Magharibi na Marekani, waliotembelea nchi hiyo kati ya Mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917 na Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Wengi walitaka kujua kama jamii isiyo na matabaka inawezekana. Majibu yao yalitofautiana sana, hata walipofika mwaka uleule.

Wasafiri wa kwanza

Mwandishi wa habari Mmarekani John Reed alishuhudia mapinduzi yenyewe mjini Petrograd, akayasimulia kwa kuyaunga mkono katika kitabu cha mwaka 1919.

Mwaka 1920 mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell alifika pamoja na ujumbe wa wafanyakazi wa Uingereza, akaonana na Lenin. Ingawa alikubaliana na shabaha ya ukomunisti, alirudi akipinga ukatili wa watawala na imani yao isiyokubali kuhojiwa. Dora Black, aliyekuja kuwa mke wake mwaka 1921, alisafiri kivyake mwaka huohuo akarudi amejaa matumaini.

Ziara zilizopangwa

Serikali iliunda VOKS, chama cha uhusiano wa kiutamaduni na nchi za nje, mwaka 1925, na kampuni ya utalii ya Intourist mwaka 1929. Wageni walipelekwa kwenye viwanda, shule, vituo vya kulelea watoto na mashamba ya ushirika yaliyochaguliwa. Asiyejua Kirusi alimtegemea mkalimani aliyepewa. Mara nyingi alichoonyeshwa kilikuwepo kweli. Kosa lilikuwa kukichukua kama sura ya nchi nzima.

Wakati huo nchi za Magharibi zilikuwa na mdororo mkubwa wa uchumi, na mamilioni ya watu hawakuwa na kazi. Hivyo viwanda vipya vya Kisovyeti viliwavutia wengi. Sidney na Beatrice Webb walitembelea nchi mwaka 1932. Kitabu chao cha mwaka 1935 kiliuliza katika jina lake kama ukomunisti wa Kisovyeti ni ustaarabu mpya. Katika toleo la mwaka 1937 alama ya kuuliza iliondolewa.

Njaa ya 1932-1933

Katika miaka 1932-1933 mamilioni ya watu walikufa kwa njaa, hasa nchini Ukraina na Kazakhstan. Machi 1933 Gareth Jones, mwandishi wa habari kutoka Welisi aliyejua Kirusi, alishuka kwenye treni akatembea kwa miguu katika vijiji vya Ukraina. Wakulima walimwambia kwamba hawana mkate, naye akayatangaza hayo. Walter Duranty, mwandishi wa gazeti la New York Times mjini Moscow, alimpinga hadharani. Baadaye mwaka huohuo mwanasiasa Mfaransa Édouard Herriot alizungushwa Ukraina na wenyeji wake rasmi, akasema hakuona njaa.

Langston Hughes

Mshairi Mmarekani Mweusi Langston Hughes alifika mwaka 1932 na kundi lililokuja kutengeneza filamu, ambayo haikukamilika. Baadaye alisafiri Asia ya Kati. Alitoka katika nchi yenye sheria za ubaguzi wa rangi, hivyo alitazama mashamba ya pamba ya Uzbekistan akiyalinganisha na yale ya kusini mwa Marekani. Kilichomgusa ni kuona watu wasio Wazungu wakisoma na kushika madaraka.

André Gide

Mwandishi Mfaransa André Gide alialikwa mwaka 1936 kama rafiki wa nchi hiyo, akapokewa kwa heshima kubwa. Mwaka huohuo alitoa kitabu Retour de l'U.R.S.S., akilalamikia watu kulazimika kuwa na fikra moja na kumtukuza Stalin. Wafuasi wengi wa ukomunisti walimshambulia. Mwandishi Mjerumani Lion Feuchtwanger alimjibu mwaka 1937 kwa kitabu kilichosifu Moscow.

Umuhimu katika historia

Maandishi haya ni ushahidi kuhusu nchi iliyotembelewa na pia kuhusu mwandishi na jamii aliyotoka. Kwa sababu hiyo msomaji huhitaji kujua ni nani aliyemwongoza msafiri, kama aliielewa lugha, aliruhusiwa kufika wapi, na alikuwa akiilinganisha nchi hiyo na nini.