Kiwanuka na Mchezo Unaohesabu Kila Kitu

Huku Nanyamba ukisema mpira, kila mtu anajua ni wa miguu: Simba, Yanga, na Ndanda yetu ilipokuwa Ligi Kuu ikichezea Nangwanda Sijaona. Ule wa Kimarekani, wa kofia ngumu na mabega ya kubandika, wengi tunaupita tu kwenye runinga. Lakini humo kuna jina ambalo mtu wa Afrika Mashariki akilisikia lazima ageuke: Kiwanuka.

Mathias Kiwanuka alizaliwa Indianapolis mwaka 1983, kwa wazazi waliotoka Uganda. Nafasi yake ilikuwa pembeni mwa mstari wa mbele wa ulinzi. Watu wa mstari huo mpira wenyewe hawaugusi sana. Kazi yao ni kugongana na majitu wenzao na kutafuta upenyo wa kumfikia kwotabeki, yule mrushaji, wamwangushe kabla hajaachia mpira. Pale Boston College, Kiwanuka aliwaangusha makwotabeki mara 37.5, rekodi ya chuo. Hiyo nusu usiishangae: wawili wakimwangusha mtu kwa pamoja, kila mmoja anaandikiwa nusu yake. Mchezo huu unahesabu kila kitu.

Mwaka 2006 New York Giants walimchukua, wa 32 katika raundi ya kwanza ya uteuzi. Tarehe 26 Novemba mwaka huohuo, wakiwa wageni wa Tennessee, Giants waliongoza 21-0 hadi robo ya mwisho. Ilipofika 21-14, Tennessee walikuwa na jaribio moja tu la kuokoa mchezo, na Kiwanuka akamkumbatia kwotabeki wao, Vince Young. Alikuwa naye mikononi kabisa. Akamwachia. Alidhani mpira umeshatoka, na kumwangusha mrushaji aliyekwisha kurusha ni faulo ya yadi 15. Young akakimbia yadi 19. Tennessee wakashinda 24-21.

Baada ya hapo makocha walimhamisha kwenda safu ya pili ya ulinzi, akajifunza kazi upya. Novemba 2007 akavunjika mguu, na Giants wakatwaa Super Bowl bila yeye uwanjani. Wakamrudisha kwenye mstari 2008, kisha shingo ikamtoa mapema msimu wa 2010. Februari 2012 akawa uwanjani Giants walipowafunga New England 21-17 na kutwaa tena Super Bowl. Aliachwa na timu mwaka 2015. Kwa mtu wa mstari, miaka tisa ndani ya klabu moja si haba.

Sasa turudi kwenye jina. Babu yake ni Benedicto Kiwanuka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa askari wa Keya, jeshi ambalo wazee wengi wa kusini nao walilitumikia. Baadaye akasomea sheria London, akaongoza chama cha Democratic Party, na tarehe 1 Machi 1962 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda. Uchaguzi wa Aprili ukamwondoa, Obote akaingia. Mwaka 1969 Obote alimtia ndani. Idi Amin alipopindua nchi 1971 alimtoa, kisha akamfanya Jaji Mkuu.

Septemba 1972 Jaji Mkuu huyo aliamuru Mwingereza mmoja aachiwe, kwa kuwa jeshi halikuwa na mamlaka ya kumshikilia. Tarehe 17 mwezi huohuo wapiganaji wa Obote walivuka mpaka kutoka kwetu Tanzania, wakashindwa, na Amin akawa anamwona adui kila kona. Tarehe 21 askari walimchukua Kiwanuka palepale Mahakama Kuu, Kampala. Hakurudi, na familia haikupewa mwili.

Ni rahisi kusema mjukuu alimwachia Young kwa sababu ana damu ya jaji. Mimi siendi huko. Kijana wa miaka 23 aliogopa faulo, basi.

Kinachonikaa moyoni ni hesabu. Ile sekunde ya Tennessee ina mkanda. Kocha wa mstari hufundisha kwa mikanda ya namna hiyo, na leo hii anaweza kuusimamisha, akawaonyesha vijana mikono ilifungukia wapi na refa alisimama wapi. Kosa la uwanjani linaweza kurudiwa, likasahihishwa, hata likafundisha wengine. Kilichompata babu hakina mkanda. Kuna mahali alipochukuliwa na tarehe yake. Kuanzia pale ni masimulizi tu, kila mtu na lake.

Jina Mathias analo, na jezi ya Giants ililiandika mgongoni msimu hadi msimu. Mashabiki wa New York walilipigia kelele miaka yote hiyo, wengi wao wakidhani ni jina la mcheza mpira.